Jibu Nililomwambia Wawira Afute

Nimekuwa mzimamoto miaka kumi na tisa, na miaka miwili ya mwisho nimeishi bila sauti niliyozaliwa nayo. Muuguzi aliyenifundisha kuongea upya ndiye aliyeniomba niandike. Alisema kuna wazimamoto wengine wanaokuja kuketi kwenye benchi lile nililoketi mimi, na hakuna anayewaambia kinachowangoja. Mambo ya dawa na mashine nawaachia wenyewe. Mimi nitasema nilivyoishi, na nitasema kosa langu moja ambalo hakuna daktari wa kulitoa.

Kwetu ni Githongo, kwenye kahawa. Kituo nilichofanyia kazi kiko mjini, na mji wenyewe sitautaja, maana kosa halikuwa la jengo. Zamu yetu ilikuwa ya watu wanne na gari moja. Mmoja dereva, ambaye pia ndiye wa pampu. Wawili wa kuingia ndani. Mmoja wa kushika mpira wa maji na kuangalia mlango. Mtu mmoja akiugua, gari linatoka na pengo. Kila mwaka tuliahidiwa kuongezewa watu, na kila mwaka tulibaki wanne. Nilikuwa kiongozi wa zamu, na sauti yangu ndiyo ilikuwa kazi yangu: moto una kelele kama ya mto uliofurika, na anayeongoza lazima asikike juu ya kelele hiyo.

Aliyekuwa akiingia ndani na mimi alikuwa Wawira, msichana wa Kibugu, huko juu karibu na msitu. Nasema msichana kwa mazoea tu. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa mwanamke pekee kwenye zamu yetu na hakuna mwanamume aliyeburuta mpira uliojaa maji kumshinda. Aliniita Afande, hata tukiwa tunakunywa chai.

Sauti yangu ilianza kukwaruza wakati wa mvua za Aprili. Mke wangu, Kanana, ndiye aliyeiona mapema.

"Baba Makena, hiyo sauti ni ya nani?" aliniuliza asubuhi moja akitoka kwenda shule anakofundisha.

"Ni baridi."

Mwezi Mei nikamwambia ni vumbi. Juni nikasema ni kupigia watu kelele. Nilikuwa na sababu mpya kila mwezi, na hospitali ilikuwa hatua mia nne kutoka kituoni.

Julai, wakati ule wa manyunyu ambapo jua halionekani wiki nzima, tulipelekwa Embu kwa mafunzo ya siku tatu kuhusu afya na usalama wa wazimamoto. Wakufunzi walikuwa kadhaa, lakini ninayemkumbuka ni muuguzi mmoja mfupi mwenye miwani, ambaye sote tulimwita Sista. Alisema masizi yanaingia mwilini kupitia ngozi. Alisema tusipeleke makoti ya moto nyumbani kwa wake zetu wayafue kwenye karai moja na nguo za watoto. Alisema hatari haiishi ndimi za moto zikizimwa; wakati tunapochakura majivu kutafuta makaa, ndipo tunavua barakoa za hewa, na ndipo tunapovuta sumu yote.

Nilikuwa nimeketi nyuma. Nikainua mkono.

"Sista, koti safi ni la daktari. Mzimamoto akiwa na koti safi watu watauliza alikuwa amejificha wapi."

Ukumbi ukacheka. Sista akangoja kicheko kiishe, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe uliyesema. Hiyo sauti uko nayo tangu lini?"

"Tangu jana, Sista. Ni homa kidogo."

Akaendelea na somo. Siku nyingi nimetamani angeniaibisha. Angesema, simama, toka, nenda ukaonwe. Lakini mtu mzima hashikwi mkono kama mtoto wa chekechea.

Siku ya tatu tukagawiwa penseli na fomu ya kurasa mbili. Una kikohozi kisichoisha? Sauti yako imebadilika? Unakosa pumzi ukipanda ngazi? Kila swali lilikuwa na ndiyo na hapana, unaweka alama. Sista alieleza kwamba waliojibu ndiyo wangepimwa bure siku ileile, chumba cha pili, na mkubwa yeyote hangeonyeshwa fomu hizo.

Mimi nilipiga hapana kutoka juu mpaka chini bila kusoma mpaka mwisho. Kisha nikamwangalia Wawira, aliyekuwa kando yangu. Alikuwa ameweka ndiyo kwenye kikohozi, na ndiyo kwenye pumzi. Nilijua sababu. Miezi mitatu kabla ya hapo duka la magodoro liliungua, na baada ya moto kufa tulichakura pale masaa manne, nyuso wazi. Tangu siku ile alikuwa akikohoa kila asubuhi nyuma ya gari, akidhani hatumsikii.

"Wawira, unaandika nini?" nikamnong'oneza.

"Ukweli, Afande. Si wamesema ni siri?"

"Siri ya ofisi ni ya wiki moja. Utatolewa kwa gari uwekwe getini. Tutabaki watatu. Nani ataingia na mimi ndani?"

"Lakini kifua changu..."

"Hapa kifua cha nani hakiumi? Futa. Usituangushe."

Aliniangalia. Kisha akageuza penseli, akafuta, akapuliza vumbi la ufutio kutoka kwenye karatasi, akaweka hapana. Wale wengine wawili wa zamu yetu walituona, nao wakaandika kama sisi. Zamu nzima tukatoka Embu tukiwa wazima wa afya kwenye karatasi.

Novemba, mvua ikinyesha, karakana ya mbao ikashika moto. Kati ya mitungi yetu ya hewa ni miwili tu iliyokuwa ikifanya kazi, na ilikuwa imeisha kabla ya moto kuisha. Tulipoanza kuchakura, Wawira alinijia akiwa ameshika kifua.

"Afande, naomba nitoke kidogo."

"Dakika kumi tu, tunamaliza," nikamwambia.

Hazikufika kumi. Nilikuwa upande wa pili wa lile rundo la mbao nilipomwona anayumba kama mtu aliyelewa. Nilifungua mdomo nimwite yule wa mlangoni amshike. Kilichotoka ni hewa. Nilijaribu tena, nikasikia mkwaruzo mdogo kama wa kiatu kwenye changarawe. Wawira akaanguka kwenye majivu ya moto kwa mikono yake miwili, na hakuna aliyegeuka, kwa sababu hakuna aliyenisikia. Nilikimbia kumtoa mwenyewe.

Tulifika hospitalini pamoja, yeye amelazwa, mimi nikitembea kando ya kitanda chake. Daktari kijana wa zamu alimaliza kumwekea hewa, akanigeukia kuniuliza ilikuwaje. Nilipojibu, akaacha kuandika.

"Na wewe? Hiyo sauti iko hivyo tangu lini?"

Safari hii nikasema Aprili.

Sitakuambia kila hatua. Kamera nyembamba kama uzi ilipitishwa puani. Kipande kilikatwa kikapelekwa kupimwa. Kungoja majibu kulichukua wiki tatu, na hizo wiki tatu ni ugonjwa peke yake. Krismasi ile tulikula Githongo, wote wakinitazama ninavyomeza. Januari, wakati kahawa ya mwisho inachumwa, nikaambiwa ni saratani ya koo, kwenye kisanduku cha sauti chenyewe, na imekua kiasi kwamba lazima kisanduku chote kitoke. Nilimwuliza daktari kama ni moshi. Alisema hawezi kuapa; niliwahi kuvuta sigara ujanani, na moshi wa kazini ni mwingi, na mwili haumwandikii mtu risiti. Lakini jambo moja alilisema wazi. "Ungekuja Julai, pengine tungeiokoa sauti."

Kanana alikuwa ameketi kando yangu. Hakulia. Alisema, "Julai ulikuwa Embu."

Baada ya upasuaji unaamka una tundu chini ya shingo, na unapumulia hapo. Hili nitalieleza, maana hakuna aliyenieleza. Hutanusa tena kama zamani, kwa sababu hewa haipiti puani. Siku moja niliachwa nyumbani niangalie githeri jikoni. Niliketi hatua mbili kutoka kwenye sufuria nikisoma gazeti, ikaungua mpaka jirani akaja kugonga mlango. Mimi, mzimamoto, nyumba imejaa moshi na sijui. Hutaweza kupuliza chai ipoe, utajifunza kungoja. Kuoga kutakuogopesha, kwa sababu maji yakiingia kwenye tundu ni kuzama ukiwa umesimama bafuni. Nilikuwa mtu wa maji maisha yangu yote, nikaanza kuoga kwa kikombe, kichwa nimekiinamisha kama kondoo anayekunywa mtoni.

Badala ya kuongea nilikuwa nikiandika kwenye daftari. Ukiwa na hasira, kuandika ni adhabu. Kanana na mimi tulikosana sana miezi ile. Nilikuwa ninaandika kwa nguvu mpaka kalamu inatoboa karatasi, na yeye akichoka anageuza tu uso dirishani. Ugomvi umeisha, ameshinda. Siku moja nilipiga meza kwa kiganja ili aangalie. Akageuka, akasema polepole, "Miezi mitatu mimi ndiye nilikuwa naongea na wewe hutaki kusikia. Sasa hata mimi niache nipumzike." Nilifunga daftari. Alikuwa amesema kweli.

Kisha akaniletea maji ya kusafisha tundu, akawasha tochi, akakisafisha kijibomba kilichowekwa humo ili lisijizibe, kama alivyofanya kila asubuhi. Ukiugua, rehema haziji na maneno mazuri. Mara nyingi zinakuja zimekasirika, zimeshika beseni.

Mionzi ilianza Machi pamoja na mvua ndefu. Siku thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa, huko Nairobi, tukilala kwa binamu ya Kanana. Kwenye chumba cha kungojea watu hukaa mahali palepale kila siku, kama kanisani. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja kutoka Muthara, jina lake Kathure, mwenye saratani ya umio, njia ya chakula. Alipoona sijibu salamu, hakushangaa. Alianza kunisemesha Kimeru na kujijibu mwenyewe, akisema maneno yangu na yake. Alikuwa na chupa ya uji mwepesi wa wimbi. Ndiye aliyenifundisha kumeza koo likiwa limechubuka ndani: kidogo, ukiwa umeketi wima, kisha ungoje kabla ya kingine. Kila siku alinimiminia kwenye kifuniko cha chupa bila kuniuliza. Wiki ya nne ngozi ya shingo yangu ilikuwa nyeusi na inabanduka, mate yamekauka, kila chakula kina ladha ya chuma. Nilitaka kuacha. Bibi Kathure akasema, "Mwanangu, mimi nahesabu siku kwa sababu yako. Ukiacha mimi nitahesabu na nani?" Nikarudi kesho yake. Yeye alimaliza zake kabla yangu, akaaga kila mtu kwa mkono. Sijawahi kusikia habari zake tena, na sijathubutu kuuliza.

Kabla ya kupigwa mionzi unavalishwa barakoa. Ni plastiki yenye matundu, inalainishwa kwa maji moto, inagandishwa usoni mwako, halafu inafungwa mezani kwa vifungo ili usitingishike. Siku ya kwanza nilidhani nitakufa humo. Siku zilizofuata nilikuwa ninafikiri tu, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Kwa muda mrefu nilikuwa nimejiambia kwamba nilimfutisha Wawira jibu lake kwa ajili ya zamu. Gari lisitoke na pengo. Watu wasiungue kwa sababu tuko watatu. Nikiwa nimefungwa pale, nikaona kwamba hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni hii: yeye angeandika ndiyo na kwenda chumba cha pili, Sista angenigeukia mimi tena na kuniuliza kuhusu sauti. Ukweli wake ungenifichua. Niliogopa kupimwa, na woga wangu nikamvika yeye, nikauita ujasiri.

Wawira hakurudi kazini. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuwa na makovu, na ile siku ya karakana iliyaongezea. Alikabidhi buti na kofia, akarudi kwa mama yake Kibugu. Vidole vyake viwili viliungua. Wenzangu walikuwa wanampigia simu. Mimi sikuwa na sauti ya kupiga simu, na nilikitumia kisingizio hicho zaidi ya mwaka mzima, ingawa kidole cha kuandika ujumbe nilikuwa nacho.

Sasa nina kijibomba kingine, chenye vali, ndani ya tundu. Ninakiziba kwa kidole gumba, hewa inapanda, ninaongea. Sauti ni nene na inakwaruza. Makena, binti yangu, anasema inafanana na redio ya zamani, na tumecheka. Mwaka huu, baridi ya Julai ilipoanza, Kanana akaniambia, "Sasa unaongea. Utaenda Kibugu lini?" Sikujua kwamba naye alikuwa anangoja.

Nilimkuta Wawira kwenye chai ya mama yake, kapu mgongoni, anachuma. Alikuwa amekonda usoni. Aliniona mbali, hakuacha kuchuma.

"Afande."

"Usiniite hivyo," nikasema. Aliposikia sauti, mikono yake ikasimama.

"Ndiyo hiyo sauti walikuachia?"

"Ndiyo hii."

"Si mbaya. Inasikika." Akaanza kuchuma tena.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaziba tundu nikasema, "Wawira, ile fomu. Nilikuwa ninajificha mimi. Si zamu. Nilijua ninaumwa, nikakuficha na wewe pamoja na mimi. Nisamehe."

Alichuma majani kadhaa, akayatupa nyuma kapuni bila kuangalia. Nilisikia anavyopumua. Ni mlio mwembamba, kama wa mlango unaofunguliwa polepole.

"Nilikuwa na penseli mkononi mwangu," alisema. "Hiyo najua. Nimejikasirikia pia. Lakini wewe ulikuwa Afande. Ungesema tuingie ndani ya moto bila maji ningeingia." Akavuta pumzi. "Siku zingine nimekusamehe. Jumapili, kwa kanisa, nakusamehe kabisa. Halafu Jumatatu nabeba chai kuipeleka kituo cha kununulia, napumzika mara nne njiani, na watoto wa shule wananipita. Siku hiyo ninarudi kukukasirikia upya. Sasa sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu."

"Ni Jumatatu leo," akasema.

Kapu lilikuwa limejaa. Nilinyoosha mkono nilichukue.

"Wacha. Hili nitabeba mwenyewe. Kama unataka kutembea, tembea."

Kituo cha kununulia chai kiko juu ya kilima, mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu mzima wa afya. Mimi siwezi kupanda haraka. Hewa ya baridi ikiingia moja kwa moja kwenye tundu inanikohoza, lazima nisimame nizibe kwa leso. Yeye naye hawezi. Alisimama mara ya kwanza penye mgrevilea, akaegemea mti bila kutua kapu, nami nikasimama hatua chache chini yake. Watu walitupita na makapu yao wakisalimia. Mama mmoja akamwuliza Wawira huyo mzee ni nani.

"Tulikuwa kazi moja," akajibu.

Tulisimama mara ya pili, na ya tatu. Mara nyingine yeye ndiye aliyehitaji, mara nyingine mimi, na hatukuambiana ni nani. Karibu na juu alianza kukohoa, akainama, na safari hii alitua kapu chini. Niliketi kando ya njia nikangoja. Alipomaliza akajifuta macho kwa kiganja, akainua kapu, akaangalia juu kule ambako foleni ya mizani ilikuwa imeanza kusonga.

"Twende," akasema. "Wataifunga mizani."